Usingizi wa Hospitali na Maradhi ya Kurithi

Katika jarida hili tumezoea kusoma habari za mikoko yetu, za wavuvi wa Bodo na za watalii wanaopita kwenda Funzi. Leo, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, naomba mniruhusu niwatoe baharini kidogo niwaingize katika chumba cha upasuaji. Msiogope, kisu sitakitaja sana. Nitakayoyaeleza ni ya kabla ya kisu, yaani usingizi.

Kuna neno nusukaputi. Wengi wetu tulilikariri katika msamiati kwa ajili ya mtihani, tukalisahau siku ya pili yake. Nusukaputi ni ile hali ya mgonjwa kulazwa kwa dawa hata asijue kuwa anakatwa. Ni tofauti na ganzi, ambayo huua maumivu mahali pamoja tu, kama daktari wa meno anavyochoma ufizi. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na mgonjwa akapasuliwa shingo bila kupiga ukelele. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakishikwa na wanaume wenye nguvu mpaka kazi iishe. Kwa hivyo sisemi kuwa nusukaputi ni mbaya. La hasha! Nasema kuna watu ambao usingizi huo una hatari ya pekee kwao, na wengine hawajijui.

Usingizi wa usiku na usingizi wa dawa si mamoja. Ukilala nyumbani ulimi ukaziba koo, mwili wenyewe hushtuka, ukageuka upande wa pili, ukaendelea kukoroma. Katika nusukaputi mwili haushtuki. Misuli ya koo hulegea, ulimi huangukia nyuma, na pumzi hupungua au husimama kabisa. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi hakai kando akisoma gazeti. Yeye ndiye anayemwinua mgonjwa kidevu, anayemfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha oksijeni, na mara nyingi anayemtia mrija kooni ili hewa ipite. Akiikosa njia ya hewa, dakika chache tu zinatosha kuharibu ubongo. Na ndiyo sababu tunaambiwa tusile kabla ya upasuaji, kwa kuwa chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni.

Mtu mwenye afya akikosa hewa kwa muda mfupi ana akiba. Sasa mfikirieni mtu ambaye damu yake haina akiba ya kutosha. Mfikirieni mdogo wangu.

Mdogo wangu ana miaka tisa na ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi hapa huuita sikoseli. Si ugonjwa wa kuambukiza. Ameurithi kwa baba na mama, wote wawili, ingawa wao wenyewe hawaumwi. Ndani ya damu mna chembe nyekundu zinazobeba oksijeni kwa kitu kinachoitwa hemoglobini. Chembe za kawaida ni za duara na laini, hupenya hata katika mishipa myembamba kuliko unywele. Za mdogo wangu zina hemoglobini yenye kasoro. Zikikosa oksijeni, au mwili ukikosa maji, au ukiingiwa na baridi, chembe hizo hujikunja zikafanana na mundu wa kuvunia mpunga, zikakwama. Pale zilipokwama damu haipiti, na maumivu yake sikwambii. Nimemwona mtoto akiuma shuka.

Hebu tazameni orodha hiyo tena: hewa kidogo, maji kidogo, baridi. Basi hayo matatu ndiyo chumba cha upasuaji chenyewe! Mgonjwa hajanywa kitu tangu usiku, amevuliwa nguo chini ya mashine ya kupoza hewa, na pumzi zake zimo mikononi mwa mtu mwingine.

Sisi tulijifunza hayo kwa njia ngumu. Mdogo wangu alipokuwa na miaka mitano alipelekwa kutahiriwa mahali ambapo sitapataja. Waliambiwa asile wala asinywe tangu chakula cha usiku. Asubuhi walikuta foleni ndefu, na akaingizwa ndani saa saba mchana, midomo imemkauka kama ngozi ya papa. Akachomwa sindano akalala. Hakuna aliyeuliza kama ana ugonjwa wowote, na kusema kweli hakuna aliyesema. Jioni hiyohiyo akaanza kulia miguu, kisha mgongo, kisha kifua. Alilazwa siku kumi na moja. Kidonda cha tohara kilipona zamani, yeye bado anaumwa na kifua.

Kwa nini hawakusema? Mimi niliuliza swali hilo nikaambiwa watoto hawaingilii mambo ya watu wazima. Baadaye nilielewa. Bodo si mji mkubwa, na sisi tuna mashangazi ambao walikuwa hawajaolewa. Bibi alisema, "Likijulikana kuwa nyumba hii ina maradhi ya damu, nani atakuja kuposa?" Basi kadi ya kliniki ikawekwa chini ya godoro, na vidonge vya foliki na vya Paludrine mtoto akawa anameza chumbani kama mtu aliyeiba sukari. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sikuwa na ujasiri wa kumtolea bibi yangu methali hiyo, ila naiandika hapa kwa kuwa najua jarida hili huwa halisomi.

Lakini je, ni nyumba yetu peke yake? Hapo ndipo historia inaponifurahisha. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza katika majarida ya madaktari wa nchi za magharibi mwaka 1910, na daktari wa Chicago aitwaye James Herrick, baada ya kumtibu mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa kasoro imo ndani ya hemoglobini yenyewe. Mwaka huohuo kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchini humu akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona jambo la ajabu: watu wenye jeni moja ya mundu walikuwa wengi sana pwani na kando ya Ziwa Victoria, na katika nyanda za juu karibu hawapo. Akajiuliza, pwani na ziwani kuna nini? Kuna mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye jeni moja hukingwa na malaria kali. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta kuwa kinga hiyo dhidi ya malaria kali hukaribia asilimia 90.

Yaani jeni hii ilitulinda sisi watu wa pwani kwa karne nyingi. Taabu ni pale baba mwenye jeni moja anapooana na mama mwenye jeni moja. Kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kupata zote mbili, naye ndiye mgonjwa. Mada ya urithi wa jeni tutaifikia Kidato cha Nne, lakini mimi nimeianza nyumbani. Na ukikaa ukafikiri, katika darasa letu moja tu lazima wamo kadhaa wenye jeni moja wasiojijua. Hao hawaumwi, na kwa kawaida usingizi wa upasuaji hauwapi tabu. Bibi aliposikia kuwa ni jambo la pwani nzima, alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe."

Sasa nije kwenye koo. Tangu mwaka juzi mdogo wangu alikuwa akikoroma usiku kama injini ya boti, kisha ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akitweta. Bibi alishauri akatwe kimeo. Mnajua wenyewe, kuna wazee wanaokata kile kinyama kinachoning'inia kooni kwa imani kwamba ndicho kinacholeta kikohozi na kukonda. Mimi namheshimu bibi, lakini jambo hili nitalisema: kimeo hakikuwa na kosa lolote. Kukikata kwa wembe au chuma kisicho safi huleta damu nyingi, uvimbe wa koo na pepopunda, na kwa mtoto wa selimundu kupoteza damu ni kama kumwaga maji jangwani. Mama alikataa. Hospitalini wakakuta ni tonsili zilizovimba mpaka zinakaribia kugusana. Watoto wa selimundu hupata jambo hili mara nyingi. Na kila koo lilipoziba usiku, oksijeni ilishuka, na chembe zikajikunja. Kumbe ile miguu iliyokuwa ikiuma alfajiri ilikuwa ikianzia kooni!

Ikaamuliwa tonsili zitolewe Mombasa, likizo ya Aprili. Nilienda nao. Tulitoka na bodaboda hadi barabara kuu, tukapanda matatu hadi Likoni, tukavuka feri, bibi akisoma dua njia nzima. Siku moja kabla ya upasuaji akaja daktari wa usingizi na karatasi yake. Alimwamkia bibi vizuri, akaketi, akaanza kuuliza. Amewahi kulazwa kwa dawa? Alipoamka alikuwaje? Anakoroma? Je, kuna yeyote katika ukoo aliyepata tabu kwa usingizi wa upasuaji, au aliyefariki? Kuna maradhi ya kurithi? Daktari wa koo alikuwa ameandika habari za tonsili tu. Mama akamtazama bibi. Bibi akaitazama sakafu. Mama akasema, "Hana ugonjwa mwingine."

Nikasema mimi. Sauti ilinitoka kabla sijaiita. "Daktari, ana sikoseli. Kadi iko ndani ya mkoba." Aibu iliyonipata sijui niifananishe na nini. Mtoto kumkosoa mamake mbele ya mgeni, na bibi yupo! Daktari hakumgombeza mtu. Aliiomba kadi, akaisoma taratibu, kisha akasema kwa upole, "Mama, bibi, ahsanteni. Kesho hatumlazi. Kwanza tumtayarishe."

Nilimuuliza baadaye kwa nini anauliza habari za ukoo mzima. Akanisimulia kisa cha Melbourne, Australia, nami nilikitafuta baadaye katika maktaba nikakikuta vilevile. Mwaka 1960 kijana wa miaka 21 alivunjika mguu vibaya. Alipoletwa hospitalini hakulia mguu. Alilia usingizi. Aliwaambia madaktari kuwa jamaa zake kumi walikufa kwa kuvutishwa etha. Wangeweza kumcheka. Badala yake walibadilisha dawa wakampa halothini na kumchunga kwa macho manne. Hata hiyo ilimdhuru: joto likapanda, moyo ukaenda mbio. Kwa kuwa walikuwa macho, waliacha dawa mara moja wakampoza, akapona. Madaktari Denborough na Lovell walikiandika kisa hicho mwaka huohuo, na leo kasoro hiyo ya misuli inajulikana dunia nzima. Mwaka 1975 Harrison wa Cape Town, Afrika Kusini, alionyesha kwa nguruwe kuwa dawa ya dantrolini huituliza. Lakini mwanzo wa yote ni mgonjwa aliyefungua mdomo.

Kuna kasoro nyingine inayohusu pumzi waziwazi. Daktari anapotaka kuingiza mrija kooni, anaweza kuchoma dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoniamu. Mwilini mna kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo, na baada ya dakika chache mgonjwa hupumua tena mwenyewe. Wapo watu waliorithi kimeng'enya kibovu, jambo ambalo Werner Kalow alilichunguza katika miaka ya 1950. Hao mchana kutwa ni wazima, wanacheza mpira, wanavua samaki. Wakichomwa dawa hiyo hulala bila kutikisika hata kope wala kupumua, pengine kwa saa kadhaa. Mashine ikiendelea kuwapumulia na wakiachwa katika usingizi, huamka salama. Hatari ni kwa yule anayeondolewa mrija mapema kwa sababu hakuna aliyejua.

Na yapo maradhi adimu zaidi ya umetaboli, yaani ile kazi ya mwili ya kujenga na kuvunja vitu ndani yake. Charles Hunter aliwaelezea ndugu wawili nchini Kanada mwaka 1917, na Gertrud Hurler akaelezea watoto wengine Ujerumani mwaka 1919. Watoto wa namna hii hukosa vimeng'enya vya kuvunja sukari fulani ndefu, nazo hurundikana mwilini mwaka hadi mwaka. Ulimi huwa mkubwa, shingo fupi na ngumu, koo jembamba. Kumlaza mtoto kama huyu bila matayarisho ni kufunga mlango halafu kuanza kutafuta ufunguo. Wataalamu hujiandaa na kamera ndogo ya kupitishia mrija, na daktari wa koo husimama karibu. Mimi sijapata kumwona mtoto kama huyo hapa kwetu.

Lililo karibu na sisi ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu zisivunjike. Nao umeenea sehemu zenye malaria, pwani yetu ikiwemo, na huwapata zaidi wavulana. Usingizi wenyewe kwa kawaida hauwadhuru, ila zipo dawa zinazoweza kupasua chembe zao. Dawa ya malaria iitwayo Lapdap, iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliruhusiwa mwaka 2003 na kuondolewa mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Daktari wa usingizi anayejua mapema ataepuka baadhi ya dawa, mathalani ganzi ya prilokaini. Asiyeambiwa atajuaje?

Nirudi wodini. Kumtayarisha mdogo wangu kulichukua siku sita. Damu yake ilikuwa kidogo, kwa hivyo aliongezwa. Baba alifika mbio kutoka Bodo akakunja mkono wa shati, akaambiwa damu yake ina jeni ya mundu, haimfai mtoto huyu. Alivunjika moyo mpaka mjomba alipojitolea. Kuongeza damu huko si desturi tu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2013 ulilinganisha wagonjwa wa selimundu waliofanyiwa upasuaji: kati ya 33 ambao hawakuongezwa damu kabla, 13 walipata madhara, kati ya 34 walioongezwa, walikuwa 5.

Kisha yakafuata mambo madogo madogo ambayo mtu angeyapuuza. Aliwekwa wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi. Chakula alisimamishwa, lakini maji meupe aliruhusiwa mpaka zilipobaki saa mbili, na maji mengine yalikuwa yakiingia kwa mshipa. Alifunikwa blanketi mpaka mlangoni. Alivutishwa oksijeni kwanza, ndipo akalazwa. Daktari alitueleza kuwa mrija ulipita bila taabu kwa sababu tonsili kubwa zilikuwa zinajulikana, na kila kifaa kilikuwa mezani. Alipotoka alitiwa kidude kidoleni cha kupima oksijeni, akakaa nacho usiku kucha, maana koo lililokatwa huvimba na usiku wa kwanza ndio wa kuchungwa. Muuguzi alimpa kifaa chenye kipira ndani. Akivuta pumzi kwa nguvu kipira kinapanda. Alidhani ni mchezo. Kazi yake ni kuyafungua mapafu yasizibe, kwa sababu kifua ndicho kinachowaangusha watoto wa selimundu baada ya upasuaji.

Bibi hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu, daktari wa usingizi alipopita, alimwita mwenyewe. "Njoo mwanangu, andika." Akamtajia watoto wake wawili waliofariki wadogo, mikono na miguu imevimba, watu wakisema wamerogwa. Mimi sikuwahi kusikia majina hayo nyumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, akaanza kulia polepole. Daktari aliandika yote, kisha akaomba karatasi nyingine akatuandikia sisi nakala: jina la mgonjwa, aina ya damu, dawa alizopewa, ukubwa wa mrija uliopita, na habari za ukoo. Karatasi hiyo tumeitia ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi, na kadi haikai tena chini ya godoro. Inaning'inia kwenye msumari sebuleni, karibu na kalenda.

Mdogo wangu sasa analala kimya hata mama huamka usiku kumsikiliza kama anapumua. Kliniki yake ni mwezi ujao. Mimi mwenyewe bado sijapimwa kujua kama nina jeni moja au sina. Baba ameniahidi kunipeleka likizo ya Agosti, na shangazi wa mwisho, ambaye ameposwa mwezi uliopita, amesema atakuja pamoja nasi na mchumba wake.